Kombe la Pole

Nchi yetu ina jina zuri tu, ila leo sitalitaja, maana nikilitaja wenyewe wataitika, na mimi nina familia. Itoshe kusema ni nchi ya amani, na kwa adabu bado hatujapata wa kutushinda. Mtu akijikwaa barabarani, watano watamwambia pole kabla hajakiangalia kidole chake. Naye, hata kama ukucha umeng'oka, atasema asante. Asiyejibu pole kwetu haambiwi kitu usoni. Watu huulizana tu pembeni ni mtoto wa nani.

Mchezo wetu wa taifa ni mpira wa yai, unaochezwa na wanafunzi wa vyuo. Umeitwa hivyo kwa sababu ya umbo lake: umechongoka pande mbili, na ukidunda hujui utaelekea wapi. Wageni husema ni mchezo mgumu kuuelewa. Si kweli. Unaubeba mpira au unaurusha, unakimbilia mstari wa wapinzani, nao wanakuangusha njiani. Kilicho kigumu ni namna ya kumpata bingwa, na hilo hata sisi wenyeji huelezwa upya kila mwaka.

Zamani bingwa alipigiwa kura na waandishi wa magazeti. Mwaka mmoja magazeti yakagawanyika, tukapata mabingwa wawili. Wote wawili waliandaliwa gwaride siku moja katika barabara moja, huyu akitokea juu na yule akitokea chini, wakakutana kwenye mzunguko wa katikati ya mji, na matarumbeta ya mmoja yakawa hayasikiki kwa matarumbeta ya mwingine. Serikali iliona aibu. Ikaunda Kamati ya Mchujo, ambayo kazi yake ni kungoja vyuo vimalize kucheza, kisha kuteua timu nne zitakazogombea ubingwa.

Sisi watu wa mikoani tulidhani zitakazoteuliwa ni zile zilizoshinda zaidi. Kamati ilitutoa ushamba. Katika kanuni zake, ya kwanza kabisa inasema: "Kushinda ni dalili ya ubora, lakini si ubora wenyewe." Ubora wenyewe huonekana kwa macho, na macho ni ya Kamati. Wajumbe hujifungia hotelini, hutazama michezo kwenye televisheni kubwa, na kujiuliza swali moja: je, timu hii ina sura ya ubingwa? Ikiwa nayo, hata ikifungwa itasemwa imepata kipigo cha heshima. Ikiwa haina, hata ikishinda kila siku, itaulizwa imemshinda nani.

*

Mimi ni mkazi wa Mabondeni. Ni mji mdogo wenye mahindi, ng'ombe wa maziwa na Chuo cha Kilimo. Hatujawahi kupeleka makao makuu chochote isipokuwa maziwa na malalamiko, na maziwa ndiyo hupokelewa. Basi mwaka ule vijana wa Chuo cha Kilimo wakaanza kushinda. Kocha wao, Mwalimu Nyanzala, ni mama mfupi mwenye sauti ya filimbi ambaye asubuhi hufundisha magonjwa ya mifugo. Nahodha alikuwa Lugendo, kijana mwenye mdomo mwepesi kuliko miguu. Na mrusha mpira, yule ambaye kila kitu kilipitia mikononi mwake, alikuwa Msabaha.

Msabaha tulimjua tangu hajaota meno, kwa sababu mama yake ni mwalimu wa chekechea. Nusu ya mji ule tumefundishwa na Mama Msabaha kusema shikamoo, tafadhali na asante. Hata leo mtu mzima mwenye ndevu akikutana naye sokoni hujikuta ameficha mikono nyuma. Mwanawe alikuwa mpole uwanjani kama alivyokuwa nyumbani. Akimwangusha mtu alimsaidia kuinuka.

Tulishinda mechi zote. Katika ile ya kabla ya mwisho watu watatu walimwangukia Msabaha, na tulipouona mguu wake jinsi ulivyolala, uwanja mzima ulisema pole kwa pamoja. Muundi ulikuwa umevunjika. Akiwa juu ya machela alisema asante, huku machozi yanamtoka. Mechi hiyo tuliimaliza tumeshinda, na ya mwisho tukaishinda bila yeye, kwa kubanabana, bila mapambo, vijana wamejaa matope hadi kwenye kope.

Siku ya kutangazwa kwa timu nne tulijazana kwenye bwalo la chuo mbele ya televisheni. Kulikuwa na pilau. Mwenyekiti wa Kamati, Mheshimiwa Balozi Mstaafu Dakta Kilemba, alitokea amevaa suti yenye kitambaa mfukoni, akatazama kamera kama mtu anayepiga picha ya harusi.

"Ndugu wananchi," alisema, "Kamati imekaa, imekula, imetafakari. Nafasi ya kwanza, Chuo Kikuu cha Makao Makuu. Ya pili, Chuo Kikuu cha Bandari. Ya tatu, Chuo cha Maafisa. Ya nne..." Akanywa maji. "Ya nne ni Chuo Kikuu cha Waasisi."

Waasisi walikuwa wamefungwa.

"Najua mtauliza kuhusu Mabondeni," aliendelea Dakta Kilemba kwa upole. "Mabondeni wameshinda mechi zote, na Kamati inawapongeza. Lakini Mabondeni walioshinda mechi zile ni Mabondeni wenye mguu. Mabondeni tulio nao leo ni Mabondeni wasio na mguu. Kamati haiwezi kuwapa hawa nafasi kwa ushindi wa wale. Waasisi, kwa upande wao, walifungwa na timu kubwa, mbele ya watu wazito, wakafungwa kwa staha. Mabondeni watacheza Kombe la Pole. Ahsanteni."

Kombe la Pole ni kombe la waliobaki. Hudhaminiwa na kampuni ya magodoro, na mshindi hupewa kikombe na godoro.

Kila mtu bwaloni aligeuka kumtazama Msabaha, kisha akajilazimisha kutazama pengine. Alikuwa amekaa benchi la mbele, mguu umenyooshwa na plasta yake nyeupe. Nilimwona akiuvuta taratibu, anauingiza chini ya benchi.

"Toa mguu huko, utaumia," mama yake alimwambia.

"Mama, naona haya."

Hatukuila ile pilau kwa raha. Wengine hatukuila kabisa.

*

Mwalimu Nyanzala na Lugendo walisafiri kwenda makao makuu kukata rufaa. Walifika wamejaa vumbi, wakaketi kwenye viti vya mapokezi vya Kamati, ambavyo ni laini mno kiasi kwamba mtu mwenye hasira akivikalia hasira zinapungua. Mlango ukafunguliwa. Dakta Kilemba mwenyewe akatoka, mikono ameitandaza.

"Karibuni, karibuni sana! Poleni na safari!"

"Asante, baba, tumeshapoa," alisema Mwalimu Nyanzala.

Katibu aliyekuwa amesimama pembeni akagonga muhuri.

"Hicho ni nini?" aliuliza Mwalimu.

"Rufaa yenu imekwisha," Dakta Kilemba alimjibu, bado anatabasamu. "Ni Kanuni ya Pole, Mwalimu. Timu iliyoachwa hupewa pole. Ikishajibu asante, inahesabika imeridhika."

"Lakini umenipa pole ya safari!"

"Sasa ulitaka nisikupe? Na mmetoka mbali hivyo?"

Lugendo ndiye aliyeokoa jahazi.

"Mheshimiwa, samahani. Mimi nikifiwa na ng'ombe, wewe ukanipa pole ya mafua, nikasema asante, ng'ombe wangu bado hajapewa pole. Si ndiyo?"

Katibu alimtazama Mwenyekiti. Mwenyekiti alitazama dari. Jambo hilo halikuwa limewahi kufikiriwa tangu Kamati iundwe, na kwa kuwa ni Kamati makini, ilikaa, ikala, ikatafakari. Wageni waliambiwa wasubiri, wakapewa chai. Mwishowe lilitoka tamko kwamba pole ni za aina nyingi, na pole ya safari hufuta safari tu. Kwa hiyo Mabondeni watapewa pole ya mchujo rasmi, hadharani, kwenye ufunguzi wa Kombe la Pole. Kama filimbi ya kuanza mechi itapulizwa na hakuna aliyejibu, mchujo utarudiwa upya. Mzazi, kwa mujibu wa mila, anaruhusiwa kumjibia mwanawe.

Lugendo hakuamini masikio yake. Alipokuwa anasindikizwa langoni alimwuliza Dakta Kilemba kwa nini amekubali kirahisi hivyo.

"Kijana wangu," alisema yule mzee, akimshika bega kwa mapenzi kabisa, "nimekuwa balozi, nimeona mataifa mengi. Sijamwona bado mtu wa nchi hii aliyepewa pole akanyamaza. Msalimie mama yako."

*

Tangu siku hiyo Chuo cha Kilimo kiliacha mazoezi ya mpira, kikaanza mazoezi ya kunyamaza. Mwalimu Nyanzala aliwapanga vijana mstari, akapita mbele yao, akimwambia kila mmoja, "Pole." Mara ya kwanza walijibu wote. Mara ya pili waliuma midomo, ila beki mmoja mkubwa, Mkunde, jitu la kuinua ndama kwa mkono mmoja, likasema "asante" na kujifunika uso.

"Imenitoka tu, Mwalimu," alisema. "Sikuikusudia."

Mji mzima ulisaidia. Sokoni ukimkuta mchezaji amebeba gunia ulimwambia pole, naye alitakiwa apite kama hakusikia. Ilikuwa kazi. Watoto wa watu walikuwa wanarudi nyumbani wameinamisha vichwa, wamewapita wazee bila neno, na hao wazee ndio waliowatuma wafanye hivyo lakini iliwauma vilevile.

Mama Msabaha alikwenda uwanjani kumwona kocha.

"Mwalimu Nyanzala, mnawafundisha watoto hawa utovu wa adabu."

"Ni kwa siku moja tu, mama."

"Hiyo siku moja ndiyo watu watakayoikumbuka."

Msabaha alikuwa ameketi kando, magongo yake miguuni. "Mama," alisema, "tukinyamaza, mchujo utarudiwa. Tutacheza na hao wakubwa. Tukifungwa, tufungwe uwanjani, isisemwe ni mguu wangu uliowanyima wenzangu." Kisha akasema kwa sauti ndogo, "Kila nikipita wananitazama huku chini, mama. Hawanitazami usoni."

Yule mama alikuwa amelitumia neno asante maisha yake yote ya kazi, watoto kwa watoto, na sasa aliombwa alimeze.

"Haya," alisema. "Nami nitanyamaza."

*

Siku ya Kombe la Pole tulikwenda makao makuu karibu mji mzima. Uwanja ulikuwa umejaa, maana nchi nzima ilishasikia kwamba wapo watu wanaokwenda kupewa pole na hawatajibu. Baadhi walikuja kutuunga mkono. Wengi walikuja kuona watu wasio na haya wanafananaje. Vijana wetu walipangwa mstari mbele ya jukwaa kuu, na Msabaha alisimama mwisho kabisa, ameegemea magongo.

Dakta Kilemba alishuka na kipaza sauti. Kila neno lilisikika mpaka nje.

"Pole, nahodha."

Lugendo alitazama mbele. Mdomo wake, ambao haujawahi kupumzika, ulikuwa umefungwa kabisa.

"Pole, kijana."

Kimya.

"Pole, baba."

Alifika kwa Mkunde. Tulishika viti. Mkunde alitikisika kuanzia mabega mpaka magoti, jasho likamchuruzika, lakini hakusema. Mwalimu Nyanzala, aliyekuwa pembeni ya uwanja, alifumba macho.

Sijui niwaelezeje ilivyokuwa pale jukwaani kwetu. Tulisikia neno pole linatoka kwenye spika, tukasikia kimya kinachofuata, tukajua watu wote wa nchi wanatazama na kuulizana hawa ni watoto wa nani. Mzee mmoja wa kwetu alivuta kofia ikamfunika uso. Mwanamke aliyeketi nyuma yangu alikuwa analia, na si kwa huzuni. Tulikuwa tumedhulumiwa sisi, na bado sisi ndio tuliokuwa tunaona aibu. Dakta Kilemba hakuiona hata kidogo. Alikuwa anapita, mpole, mkono mbele, mzee mwenye mvi anayekataliwa salamu na vijana.

Akafika kwa Msabaha. Mwamuzi alikuwa tayari ana filimbi mdomoni.

Dakta Kilemba hakusema neno mara moja. Alikishusha kipaza sauti, akainama kwa shida, akaigusa ile plasta kwa vidole viwili. Alipoinuka sauti yake ilikuwa imebadilika. Mpaka leo sijui kama alikuwa anaigiza au la.

"Pole na mguu, mwanangu."

Ilikuwa ni mara ya kwanza mtu wa serikali kumwambia Msabaha pole. Hakusema. Machozi yalimtoka, akaendelea kutazama mbele, na uwanja mzima ukawa kimya kiasi kwamba tulisikia magongo yake yakigongana.

"Asante, baba."

Lilitoka jukwaani, sauti ya mwalimu wa chekechea, safi, ya kusikika darasa zima. Mama Msabaha alikuwa amesimama. Alikuwa ameweka mkono mdomoni, lakini ulichelewa.

Na sisi tuliokaa naye tukapumua. Ndiyo, nitasema kama ilivyokuwa. Wengine walipiga makofi.

"Hiyo ni ya mguu!" Mwalimu Nyanzala alikuwa anakimbia kuvuka uwanja, sauti yake ya filimbi imepasuka. "Mheshimiwa, hiyo ni pole ya mguu! Ninyi wenyewe mmesema pole ni za aina nyingi!"

Dakta Kilemba alimgeukia kwa huruma, akasahau au akakumbuka kwamba kipaza sauti bado kinasikika.

"Na tuliwaacha kwa sababu gani, Mwalimu? Si mguu?"

Katibu akagonga muhuri. Ndipo mwamuzi akapuliza filimbi.

*

Mechi yenyewe mlishaisikia. Tulifungwa mpaka watangazaji wakaacha kutaja idadi. Vijana waliokuwa hawajapoteza mechi walitembea uwanjani kama watu waliopotelewa na kitu kwenye majani. Jioni ile Dakta Kilemba alitokea kwenye televisheni, akasema Kamati haipendi kujisifu, lakini wananchi wamejionea kwa macho yao kwamba macho ya Kamati hayakukosea. Waliotufunga walipewa kikombe na godoro. Waasisi walikwenda kugombea ubingwa wakafungwa pia, kwa staha.

Serikali yetu ni sikivu. Baada ya malalamiko ya mwaka ule, nafasi ziliongezwa kutoka nne hadi kumi na mbili, ili asiwepo tena wa kulia. Zamani ilikuwa inalia timu ya tano. Siku hizi inalia ya kumi na tatu, na Kombe la Pole limeongezewa mito miwili juu ya godoro. Dakta Kilemba amestaafu tena.

Msabaha alipona. Anatembea vizuri, anafundisha kilimo cha umwagiliaji wilaya ya jirani, na akija kwetu haongei habari za mpira. Mama yake hakuwahi kulaumiwa na mtu yeyote. Hakuna aliyethubutu. Alirudi darasani, akawafundisha watoto shikamoo na tafadhali, na wazazi walipogundua kwamba kuna neno moja halifundishi tena, hawakuuliza.

Juzi alifiwa na dada yake. Tulikwenda msibani mji mzima, tukapanga mstari kama ilivyo desturi, na kila mmoja alipofika mbele yake alimpa mkono, akamwambia pole. Alitushika mikono yote. Alitutazama usoni mmoja mmoja, sote anatujua kwa majina, wengi wetu ametufunza. Hakumjibu hata mmoja.

Mgeni mmoja aliyekuwa nyuma yangu alininong'oneza, "Huyu mama ni mtu wa wapi, mbona hajibu pole?"

Nilitazama chini, kwenye viatu vyangu, mpaka mstari uliposogea.